Jina la mteja liko kwenye daftari la nani?

Juma lililopita nilipigiwa simu na kijana mmoja kutoka Dar es Salaam. Aliniamkia vizuri, "shikamoo mama", kisha akaniuliza kama korosho zangu ziko tayari kuingia kwenye soko lao la mtandaoni. Alikuwa ameziona Instagram. Akanieleza kwamba picha watapiga wao, mteja watamtafuta wao, mzigo wataufikisha wao, na hela yangu itaingia kwenye simu kila baada ya siku 14. Nikamwomba wiki moja ya kufikiri. "Mama, wenzako wanajaza fomu leo leo," akasema. Nikamwambia, mwanangu, wiki moja.

Wiki inaisha kesho. Naandika haya kabla sijampa jibu la mwisho, kwa sababu najua huku Mtwara na Lindi tuko wengi tunaouza vya kwetu kwa simu: korosho, ufuta, chumvi, mikeka, vinyago, pweza mkavu. Na wengi wetu tukiulizwa swali hili tunaulizwa kwa haraka, kama vile kufikiri ni kupoteza bahati.

Duka langu halina mlango. Ni meza moja na mzani Mikindani, nyumbani kwa shangazi, ukurasa wa Instagram, WhatsApp ya biashara, lipa namba, na kauntabuku moja nene. Korosho ni za shamba la familia. Shangazi na kina mama wanne wanazibangua kwa ile mashine ya kukanyaga kwa mguu. Anayebangua hupaka mikono mafuta na majivu kwanza, maana utomvu wa ganda la korosho unaunguza ngozi. Hata hivyo ncha za vidole vya shangazi ni nyeusi mwaka mzima, sabuni haiziondoi. Ukimwona anatoa korosho nzima ndani ya ganda bila kuivunja, unaelewa kwa nini nzima ina bei yake na kipande kina yake. Kidole kikiteleza kidogo tu, ile korosho imeshuka daraja.

Nimetaja vidole vyake kwa sababu hesabu yote ya soko la mtandaoni, kwangu, inaanzia pale.

Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, inatokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Mimi nahesabu nne na nusu. Ghafi naiwekea bei ya mnada, hata kama ni ya shamba letu, kwa kuwa ndiyo hela ambayo familia ingepata ingeipeleka chama cha msingi cha ushirika. Kwa 3,400 kila kilo, ni 15,300. Kubangua na kumenya, 2,500. Mkaa, chumvi, mfuko na lebo, 1,700. Jumla 19,500. Kilo hiyo naiuza 28,000, katika paketi mbili za nusu kilo. Faida yangu 8,500. Nauli ya basi analipa mteja.

Sasa lile soko linataka kamisheni ya asilimia 15. Ukiisikia hivyo unaona ni kidogo, asilimia 15 ni nini? Lakini asilimia hiyo haikatwi kwenye faida, inakatwa kwenye bei. Kwenye 28,000 ni 4,200. Kuna na mchango wa usafirishaji, 500 kila paketi, basi 1,000 nyingine. Kwenye ile 8,500 nabakiwa na 3,300, na soko limechukua 5,200. Kwa kila kilo lingepata zaidi ya mimi niliyeikaanga.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye kauntabuku, nikamsomea shangazi. Akaniuliza swali moja: "Na wao wanabangua?"

Lakini sitaki kudanganya upande wa pili. Kuuza mwenyewe nako si bure. Kila mwezi naweka kama 60,000 kwenye matangazo ya Instagram, na nikiuza kilo 40, hiyo ni 1,500 kwa kila kilo. Bado bando, bado bodaboda ya kupeleka stendi, bado saa nzima ya kumjibu mtu anayeuliza bei, anaomba picha, anaomba video, halafu anapotea. Duka la mwenyewe linakula muda wa usiku, na muda huo sikuwahi kuuandika popote kwenye hesabu. Kwa hiyo faida yangu ya kweli ni kama 7,000, pengine na chini ya hapo. Atakayelinganisha kamisheni ya soko na sifuri amejidanganya.

Kuna na jambo kubwa kuliko hela, nalo ni uaminifu. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu wa Mwanza ambaye hajawahi kufika kusini atanitumiaje 14,000 kwa picha ya korosho? Anaogopa kutapeliwa, na ana haki. Soko kubwa linamwondolea hofu hiyo: analipa mzigo ukifika, au hela inashikwa mpaka apokee. Hilo si jambo dogo. Mwaka 2023 niliingia kwenye soko moja la namna hiyo, na ndani ya miezi miwili nilikuwa nimeuza Bukoba, Iringa, Kahama, miji ambayo sikuwa na hata ndugu wa kumtumia salamu. Kwa kipindi cha miezi minane niliyokaa nao nilifikisha oda 312.

Na walininyoosha, lazima niseme. Kabla yao nilikuwa nauza kwenye mifuko ya kawaida, lebo nimeandika kwa kalamu. Wao walitaka lebo iliyochapwa yenye uzito, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya mtengenezaji. Walitaka alama ya TBS, shirika la viwango, na ilibidi nipite SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza nielekezwe. Walitaka msimbomilia. Siku nilipoona mistari ile myeusi imechapwa kwenye mfuko wangu, imeanza na 620 ambayo ndiyo ya Tanzania, nilikaa nayo mkononi kwa muda. Paketi ya Mikindani inasomeka na mashine ya dukani popote. Bila kusukumwa nisingefika pale, au ningefika mwaka mwingine.

Kwa hiyo sikuwachukia. Yaliyonitoa yalikuja Mei 2024.

Wa kusini wote tunaikumbuka. Mvua zilikuwa zimeshinda kunyesha, kisha kikaja Kimbunga Hidaya tarehe 4, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga. Maji yalibeba lami na tuta lake. Mabasi yakakaa foleni, samaki wakaozea kwenye malori yaliyosimama. Kwa barabara hiyo moja ndipo tunapopumulia huku. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003 tulidhani tumemaliza habari ya kukwama, kumbe ukikatwa sehemu moja tu, umekatwa wote.

Nilikuwa na oda 19 za soko njiani, na 11 za wateja wangu wa WhatsApp. Zote kwenye basi moja.

Wale 11 niliwapigia mmoja mmoja. Konda alinitumia picha ya foleni, mabasi yamejipanga mpaka yanapotelea kwenye kona, na mimi nikawarushia. Mwalimu mmoja wa Dodoma alinijibu, "Pole dada, tuombe Mungu wafike salama hao watu, korosho zitakuja." Hakuna hata mmoja aliyedai hela yake. Wawili waliongeza oda.

Wale 19 sikuweza kuwapigia, kwa sababu sikuwa na namba zao. Soko lilinipa jina la kwanza, mji, na namba ya oda. Namba ya simu ilikuwa yao. Mfumo ulihesabu siku: ya tano ilipopita, kila oda ikageuka nyekundu, "muuzaji amechelewesha". Siku ya nane zikafutwa zenyewe na wateja wakarudishiwa hela. Nyota zangu zikashuka kutoka nne na nusu hadi mbili na kidogo, na bidhaa yangu ikasukumwa chini kabisa ya ukurasa, pale mtu asipofika. Niliandika barua pepe nne. Niliambatanisha picha ya konda, nikaambatanisha na habari za gazeti. Nikajibiwa na mashine mara nne, kwa maneno yaleyale, kwamba wanathamini biashara yangu. Mzigo ulipofika Dar es Salaam, hakukuwa tena na mtu wa kuupokea. Paketi 19 zilirudi Mtwara kwa gharama yangu, sita zikiwa zimeingia maji.

Jioni ile nilifungua kauntabuku nikaangalia kurasa mbili. Moja ina majina ya wateja wangu, simu zao, mji, anapenda chumvi au hapendi, ana mtoto asiyekula za kukaanga. Nyingine ina oda 312 za soko. Namba za simu: hakuna. Miezi minane nimewalisha watu wa oda 312 korosho za shangazi na siwezi kumsalimu hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachouza na ninachotoa. Kamisheni ni hela, na hela unaweza kuipandisha kwenye bei. Jina la mteja likishaandikwa kwenye daftari la mtu mwingine, haliandikiki tena kwenye lako.

Watu wa kwetu tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine wote, maana tumelipia somo lake kwa korosho zilezile. Babu yangu aliuza kwa kangomba. Kwa asiyejua: kangomba ni mnunuzi anayekuja kipindi cha njaa, mvua za masika zinanyesha, ghala halina kitu, mkorosho haujaweka hata ua. Anakukopesha hela au anakuletea unga, na wewe unamwahidi korosho za mwezi wa kumi kwa kipimo chake, bakuli lake, bei yake. Msimu ukifika unavuna, lakini cha kwako kimeshaondoka. Babu hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto saba na mwezi wa tatu.

Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, ukaanzia huku kwetu Mtwara. Unapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa kwa mzani, unapewa karatasi yako, na zinapigwa mnada. Una kasoro zake, nisiupambe. Malipo yamewahi kuchelewa mpaka watu wakakosa ada za shule, na makato ni mengi. Lakini una kitu kimoja ambacho kangomba hakuwa nacho: zabuni zinafunguliwa mbele ya wakulima, bei zinasomwa kwa sauti, na wakulima wanaweza kukataa. Oktoba 2018 walikataa. Bei zilizoletwa hazikuwaridhisha, wakasema hatuuzi, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kila kilo na wanajeshi wakaja kubeba. Yaliyofuata yana maelezo marefu na machungu yake. Ninachokishika mimi ni ile sekunde ya kukataa, mkulima wa Tandahimba amesimama mkutanoni anasema bei hii hapana. Siku hizi mnada unapita kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, TMX, na bado bei inasomwa wakulima wakisikia.

Basi swali langu kwa soko lolote la mtandaoni limekuwa hili: wewe ni mnada au ni kangomba? Ukibadilisha bei yako, nitasikia wapi? Nikisema hapana, nasimama wapi?

Nimesoma kidogo yanayotokea kwa wenzetu wa mbali, nikaona maswali ni yaleyale. Etsy, soko la Marekani la vitu vya mikono, lilipandisha kamisheni kutoka asilimia 5 hadi 6.5 Aprili 2022. Maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki moja kupinga. Asilimia 6.5 ikabaki. Na Desemba 2022 Tume ya Ulaya ilimbana Amazon kwa ahadi kwamba hatatumia takwimu za mauzo ya wafanyabiashara wanaouzia kwenye soko lake, zile zisizo wazi kwa umma, kwa faida ya duka lake mwenyewe. Fikiria hilo taratibu. Wewe unahangaika kujua paketi ya gramu ngapi inapendwa mji gani, mwezi gani. Mwenye soko anakuangalia, anajua kila kitu, naye pia ana duka.

Na soko linaweza kuondoka. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Ni haki ya kampuni kufunga ikiona haipati, siwalaumu. Lakini nawaza muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa mle, ameamka asubuhi mlango hauko. Ukurasa wangu wa WhatsApp nao unaweza kufungwa, naujua ukweli huo pia. Ndiyo maana namba nazinakili kwenye karatasi, kwa kalamu, kila Jumapili jioni. Simu ikiibwa, Instagram ikifungwa, kauntabuku lipo kabatini.

Sisemi masoko yote ni ya namna moja. Kuna yale ya matangazo tu, kama Jiji na Kupatana: unaweka picha na simu yako, mteja anakupigia mwenyewe, mnaelewana. Pale jina linabaki kwako tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sina la kujadili, weka tu, ingawa uaminifu haupo na utapigiwa na wa kweli na wa uongo. Mazito ni haya yanayoshika mteja, hela na mzigo kwa pamoja. Pale Kariakoo kuna winga, anayekuletea mteja dukani na kuweka cha juu chake. Winga hata hivyo anamleta mteja mpaka mbele yako. Mnaonana uso kwa uso. Kesho mteja akitaka, anarudi bila winga.

Nimemuuliza shangazi, nimemuuliza na mama mdogo anayeuza chumvi Lindi, ambaye yeye yuko kwenye soko mojawapo na anafurahi nalo. Hoja yake ni nzuri. Chumvi yake haina mteja wa jina, anasema, hakuna anayepigia simu kuulizia chumvi ya fulani, anayenunua leo anataka chumvi tu. Yeye anahitaji wingi. Akiuza magunia, asilimia 15 ni gharama kama nauli. Nilikaa na maneno yake siku mbili. Kumbe swali halijibiwi kwa watu wote mara moja, linajibiwa kwa bidhaa. Hata mimi, vipande na nusu ambavyo wapishi wa keki na wenye migahawa wanavinunua bila kujali vimetoka wapi, ni kama chumvi yake. Nzima kubwa ndiyo yenye jina.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitaingia, lakini na paketi moja tu, gramu 250 za nusu na vipande, na si zaidi ya robo ya ninachokaanga kwa mwezi. Bei ya mle nimeipandisha mpaka kamisheni itoke kwa mnunuzi, sio kwenye vidole vya shangazi. Ikionekana ghali na isinunuliwe, nitajua kwamba bei ile kule haiwezekani kwetu, na nitatoka bila deni. Nzima, zile za daraja la juu, zinabaki dukani kwangu. Na lebo itakuwa na jina langu, Mikindani, na simu, kwa herufi zinazosomeka na mtu mzima bila miwani. Jina na anwani ya mtengenezaji kwenye chakula ni sharti, kwa hiyo hakuna wa kuniambia niyafute, na simu nitaiweka palepale pembeni yake. Atakayependa anajua pa kunipata.

Kabla ya kujaza fomu nimemwandikia yule kijana mambo matatu. Barabara ikikatika au meli ikikwama, nani ninampigia, mtu mwenye jina, na je, nyota zangu zitahesabiwa? Kamisheni ikipanda, mtaniambia siku ngapi kabla, na nikitaka kutoka hela yangu inatoka lini? Na je, mnanikataza kuuza kwa bei ya chini kwenye ukurasa wangu mwenyewe? Hili la tatu ulizeni sana, ndugu zangu. Yapo masoko yenye kifungu hicho katikati ya mkataba, kurasa za ndani, na ukishasaini umelifunga duka lako mwenyewe kwa bei yao.

Amenipigia leo mchana. La pili amelijibu vizuri, siku 30, na ameniandikia. La tatu amesema hawana kifungu hicho, nikamwomba anionyeshe ukurasa, akanitumia na nikausoma. La barabara alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hilo sijawahi kuulizwa. Nitawauliza wakubwa." Nikamwambia awaulize, mimi nipo. Akirudi na jina la mtu, nitajaza fomu. Asiporudi nalo, sitajaza.

Paketi 40 za majaribio ziko tayari mezani, hazijabandikwa lebo. Shangazi anachagua za mwalimu wa Dodoma, kilo mbili, bila chumvi, ziondoke na basi la alfajiri.